Mguu wa Klachi

Kabla mguu wake wa kushoto haujaharibika, Alfani Chande wa Mwabungo alijulikana kwa sauti ya lori lake. Watu waliokuwa wakingoja gari pale Kombani walilisikia likija kutoka Ng'ombeni, na kabla halijatokeza walikwisha kusema huyo ni Alfani, kwa kuwa hakuna dereva mwingine upande ule aliyebadilisha gia bila kuzikwaruza. Lori lenyewe lilikuwa la Bwana Gulamali, Mhindi wa Msambweni aliyekuwa akinunua mbata na korosho vijijini na kuzipeleka Mombasa.

Gia za malori ya miaka ile hazikuwa na huruma. Dereva alikanyaga klachi, akatoa gia na kuiweka frii, akaiachia klachi, akakanyaga mafuta kidogo ili injini iende sawa na magurudumu, kisha akaikanyaga klachi mara ya pili ndipo akatia gia mpya. Ukikosea, vyuma vilipiga kelele hata mbuzi waliokuwa wakila kando ya barabara wakainua vichwa. Madereva wengi walikosea kila siku na hawakujali. Alfani alijali. Aliendesha bila viatu, na utingo wake Iddi Mwinga alipomwuliza sababu, alimjibu kuwa viatu vinauziba mguu masikio.

Alichokipenda zaidi ni kile kilima cha kutoka Kombani kupanda Golini hadi Kwale. Abiria waliodandia juu ya magunia walikiogopa, hasa wakati wa masika, lakini yeye alikingojea kama mtu anayengojea chakula akipendacho. Alijua ni mti gani akiufikia aishushe gia, na ni kona gani ailegeze injini ipumue kidogo kabla ya kuidai tena. Lori lilipofika juu bila kukwama wala kusita hata mara moja, Iddi alimwona akipangusa usukani kwa kiganja, polepole, kama anayempapasa ng'ombe aliyefanya kazi vizuri.

Ugonjwa ulianza kwa homa za mara kwa mara na mtoki kinenani. Homa ilikuja, ikakaa, ikaondoka, na kila ilipoondoka iliuacha mguu wa kushoto umevimba zaidi kidogo kuliko ulivyokuwa. Mkewe Chiku alimsihi mapema aende hospitali ya Msambweni. Yeye akawa anasema atakwenda mzigo huu ukishafika, na mzigo huu ulipofika kulikuwa na mwingine. Alipokwenda, ngozi ya mguu ilikwisha kuwa nene na kifundo cha mguu hakionekani tena. Wakamwambia ni matende, wakampa vidonge, wakamfundisha kuuosha mguu kwa sabuni na kuuinua anapokaa. Vidonge vilizuia homa. Mguu haukurudi kuwa mguu.

Kwa muda aliendelea kuendesha. Alijifunza kuikanyaga klachi kwa kisigino, kisha kwa upande wa unyayo, huku akiunyanyua mguu kwa mkono pale ulipochelewa. Hatimaye siku moja ya mvua, katika kile kile kilima cha Golini, mguu ulichelewa kuliko alivyokadiria. Gia ilitoka na nyingine haikuingia. Lori lilisimama, kisha likaanza kurudi nyuma na shehena yake yote, na breki hazikutosha kulishika. Iddi aliruka, akasukuma jiwe chini ya gurudumu la nyuma, na lori likasita likiwa limeegemea ukingo wa mtaro. Hakuna aliyeumia. Alfani alibaki ndani ameshika usukani, na aliposhuka hakumlaumu mtu wala mvua. Jioni ile ile alikwenda Msambweni, akamkabidhi Bwana Gulamali ufunguo.

Gulamali hakubishana naye. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye maneno machache, aliyezoea kuzungumza huku akitazama kazi iliyomo mikononi mwake. Alimwambia kuwa lori atapewa Iddi, ambaye alikwisha kupata leseni, na kwamba Alfani akipenda kuna kazi katika pampu ya petroli aliyoiweka mbele ya duka lake la Ukunda. Hapo si mbali na Mwabungo, na ni kazi ya kukaa. Alfani alishukuru. Akawa mtu wa pampu, anakaa kwenye stuli, mguu ameunyosha juu ya debe, anasikiliza magari ya wengine yakija na kuondoka. Aliweza kumwambia dereva ambaye hajawahi kumwona kuwa gia yake ya tatu inakaribia kufa, na mara nyingi alisema kweli. Lakini jambo hilo halikumfurahisha. Lilikuwa kama kumsikia mtu akiimba vibaya wimbo unaoujua, na wewe huna sauti.

Mwaka wa hamsini na nne Bwana Gulamali alinunua gari jipya. Mkewe, Bi Shirinbai, alikuwa ameanguka kisimani miaka ya nyuma akaumia mgongo, na kila mwezi ilimlazimu kwenda kwa daktari Mombasa. Gari kuukuu walilokuwa nalo lilimtesa, kwa sababu kila gia ilipobadilishwa lilimrusha mbele na kumrudisha nyuma, na mpaka afike Likoni machozi yalikuwa yakimtoka. Hilo jipya lilikuwa la Kimarekani, refu, rangi yake kama tui, na viti vyake mtu akiketi vinazama. Gulamali alimwita Alfani kutoka Ukunda aje alione. Akafungua mlango wa dereva, akamwambia atazame chini.

Alfani alitazama. Akaona pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, na hiyo ya breki ilikuwa pana kama kibao cha mbuzi ya nazi.

"Ya tatu iko wapi?" akauliza.

"Haipo," akasema Gulamali. "Gari linabadilisha gia lenyewe. Mguu wa kulia peke yake unatosha."

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo yalivyosemwa. Alfani aliyasikia vingine. Alisimama pale ameshika mlango, akahisi kuwa kila alichokijua, kila alichokuwa akisifiwa tangu ujana, watu wa mbali walikaa wakaona hakina haja, wakakiondoa kama mtu anavyokata kucha. Akasema gari ni zuri. Gulamali akamwambia kwamba kesho waende pamoja hadi Gazi na kurudi, ajaribu, na wakielewana basi yeye ndiye atakayekuwa dereva wa Bi Shirinbai.

Chiku alipoambiwa habari hiyo alifurahi waziwazi. Alimfulia kanzu nyeupe, akamwambia kwamba Mungu akifunga huku hufungua kule. Alfani alivaa kanzu ile asubuhi yake, akapanda lori la Iddi hadi Msambweni.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Gulamali alikaa kando yake, na Bi Shirinbai, ambaye alikuwa na hamu ya kulijaribu gari lake, akaketi nyuma na mto kiunoni. Palikuwa na mshale mdogo chini ya usukani, unausogeza kwenye herufi ya kwenda mbele, unakanyaga mafuta, basi. Gari likaondoka bila kutikisika. Alfani alisikia injini ikipanda, akangoja gia, na gia ikaingia yenyewe kwa mnong'ono tu. Ilikuja nyuma kidogo ya pale ambapo yeye angeiweka. Jambo hilo lilimkera.

Walipokaribia daraja la Mkurumuji ng'ombe wakatoka kwenye mikoko wakaingia barabarani. Hawakuwa karibu sana, nafasi ya kupunguza mwendo ilikuwepo. Alfani aliondoa mguu kwenye mafuta, injini ikashusha sauti, na sauti ile mwili wake ulikuwa ukiijua kwa miaka mingi. Mguu wa kushoto, mzito na mkubwa kama ulivyokuwa, ukainuka wenyewe kutafuta klachi, ukashuka kwa nguvu zote zilizokuwa zikihitajika kwa klachi ya lori. Ukaangukia breki. Gari lilisimama papo hapo kama lililogonga ukuta. Bi Shirinbai aliruka kutoka kitini, akagonga kiti cha mbele, akaanguka chini katikati ya viti. Sauti aliyoitoa haikuwa kubwa, na ndiyo maana Alfani hakuisahau.

Gulamali ndiye aliyeendesha kurudi nyumbani. Bi Shirinbai akalala kitandani majuma kadhaa. Alfani alitembea kutoka Mkurumuji mpaka Gazi kwa mguu ule, akakataa magari mawili yaliyosimama kumchukua.

Yaliyofuata ndiyo ambayo baadaye aliyarudia rohoni mwake mara nyingi kuliko ajali yenyewe. Bi Shirinbai alipoanza kuamka, Gulamali alikuja mwenyewe Mwabungo. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, na Alfani alikuwa ameketi barazani pamoja na majirani, wavuvi na wakwezi, watu waliozoea kumsikiliza akisimulia habari za barabara. Gulamali alisalimu, akapewa kiti, akauliza hali ya mguu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mama hajambo sasa, na kwamba yaliyotokea yangeweza kumpata dereva yeyote aliyezoea klachi. Akapendekeza Alfani alichukue gari asubuhi asubuhi, barabara ikiwa tupu, bila abiria yeyote, mpaka mguu usahau.

Ilitosha aseme ndiyo. Lakini majirani walikuwa wakimtazama. Habari za ajali walikwisha kuzisikia, na jinsi zilivyozungushwa kijijini ilisemekana Alfani ameshindwa kuendesha gari ambalo hata mtoto angeliendesha. Aliona neno "mguu usahau" linamvua nguo mbele yao. Akacheka kidogo, akasema:

"Bwana, gari lisilo na klachi halina dereva. Lina abiria watupu, mmoja wao kakalia upande wa usukani."

Baraza zima lilicheka. Mzee mmoja alipiga goti kwa furaha. Gulamali hakucheka wala hakukasirika. Alimaliza kahawa aliyopewa, akaweka kikombe, akaaga mmoja mmoja, akaondoka. Chiku, ambaye alikuwa nyuma ya mlango, alitoka baada ya watu kutawanyika akamwuliza kama ameelewa alichokikataa. Alfani akamwambia asiingilie mambo ya kazi.

Yale maneno yalisafiri. Wiki ile ile yalifika Kombani, na kabla mwezi haujaisha madereva wa Likoni walikuwa wakiyasema kama yao. Kila aliyesimama kwenye pampu alimtaka Alfani ayarudie, naye akayarudia, na kila alivyoyarudia ndivyo njia ya kurudi ilivyozidi kuziba. Mtu aliyesema hivyo angewezaje kuonekana kesho amekalia gari lile? Gulamali alirudi kumwuliza mara moja zaidi, safari hii peke yao, dukani, akipanga makopo ya samli. Alfani akajibu kwamba hawezi kuendesha gari asilolisikia. Gulamali akasema sawa. Hakumwondoa kwenye pampu, wala hakuwahi kulitaja gari mbele yake tena. Iddi akapewa gari, na lori akapewa dereva mwingine, Kenga, kutoka Taru.

Iddi hakuwa dereva wa ajabu. Alikuwa mtu wa kawaida asiye na makuu, na pengine ndiyo sababu alilielewa gari lile upesi. Alipopita Ukunda kutia mafuta alimweleza Alfani mambo yake bila kificho, kwa vile alimheshimu kama mwalimu. Alisema gari linakunywa petroli vibaya. Katika kilima cha Golini, alisema, halijui kuwa mlima unakuja. Linangoja mpaka linyong'onyee ndipo lishushe gia, na wakati huo umeshapoteza mwendo. Ukiteremka nalo halikushikilii kama gia za mkono zinavyoshikilia, utakanyaga breki mpaka unuse harufu. Alfani alikuwa akiyapokea maneno haya kwa hamu, akayaweka akiba ya kuwasimulia wengine. Mengine ambayo Iddi aliyasema vile vile, kwamba kwenye mchanga wa Diani gari linajivuta taratibu bila kuchimba, kwamba foleni ya feri haichoshi mguu, kwamba Bi Shirinbai siku hizi analala usingizi kutoka Msambweni mpaka Likoni, hayo aliyaacha yapite.

Gari liliposimama pampuni, Bi Shirinbai aliteremsha kioo na kumwuliza hali, na hali ya Chiku, na ya binti yao Esha aliyeolewa Tiwi. Alfani alijibu kwa adabu zote, macho yake yakiwa kwenye mdomo wa tangi. Hakuwahi kumwomba radhi. Alikusudia kufanya hivyo kila mara, lakini alitaka kwanza apate maneno yanayofaa, na miaka ikapita akiyatafuta.

Masika ya mwaka wa hamsini na nane Bwana Gulamali aliugua kifua, akapelekwa Mombasa, akafia huko. Habari zilifika Ukunda adhuhuri. Alfani aliifunga pampu, akakaa kwenye stuli yake mpaka jua likamfikia, bila kujisogeza. Watu walikwenda kuzika, Iddi akamwita, naye akasema mguu unamwuma. Kwa kweli siku hiyo haukuwa ukimwuma.

Kulikuwa na mwana mmoja wa kiume, mwenye duka Mombasa, naye hakuitaka biashara ya mbata. Ghala likafungwa, Kenga akarudi kwao Taru, na Bi Shirinbai akatakiwa ahamie kwa mwanawe. Siku moja kabla ya kuhama Iddi alikuja Mwabungo kwa miguu, akamwamkia Alfani shikamoo, akaketi. Akasema vyombo vya nyumba vyote vitapakiwa kwenye lori, na mtu wa kuliendesha lori ni yeye peke yake sasa. Gari la mama halina dereva.

"Nimwambie nini, kaka?" akauliza. "Yeye amesema nije kwako. Hakutaja mtu mwingine."

Alfani aliutazama mguu wake. Akasema kwamba Iddi anajua yaliyotokea Mkurumuji. Iddi akajibu kwamba anajua, na kwamba hata yeye mwezi wa kwanza mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiruka vile vile, akakaribia kumwua mbwa wa Mzungu mmoja pale Diani. Akafanya nini? Akaufunga. Alichukua leso ya mkewe akaufunga mguu kwenye nguzo ya kiti, akaendesha hivyo kila siku mpaka ukazoea kukaa. Alisema jambo hilo kwa wepesi, kama anayesimulia jinsi alivyoziba tundu la paa. Alfani alimtazama. Miaka minne, na dawa yake ilikuwa kipande cha kitambaa.

Alitaka kukataa bado. Ni Chiku aliyekuja akasimama mlangoni, naye hakuinua sauti.

"Baba Esha, waliokuwa wakicheka barazani siku ile, leo hakuna hata mmoja anayeikumbuka," akasema. "Ni wewe tu unayekaa nayo."

Kisha akaingia ndani, akatoka na leso yake ya zamani, akaiweka mapajani pake.

Asubuhi yake, huko Msambweni, lori lilitangulia. Alfani alijifunga mguu mwenyewe, mafundo mawili, Bi Shirinbai akimtazama kutoka kiti cha nyuma bila kuuliza. Uzee ulikuwa umemshika, na mavazi meupe ya ujane yalimfanya aonekane mdogo. Alfani akasogeza mshale. Maili za kwanza aliendesha jasho likimtoka mikononi. Mara mbili au tatu mguu ulivuta leso, na leso ikaukatalia. Walivuka daraja la Mkurumuji polepole.

Baada ya Gazi kitu kilimlegea kifuani. Barabara ilikuwa kavu, jua halijawa kali, na gari likaanza kumwonyesha tabia zake. Akagundua kwamba akiinua mguu kidogo kwenye mafuta kabla gia haijaingia, inaingia mapema, pale pale alipotaka yeye. Akijua kilima kinakuja, akikanyaga mafuta mapema kwa nguvu, gari linashusha gia mbele ya mlima badala ya katikati yake. Kumbe gari lilikuwa likisikia. Halikuwa bubu kama alivyowaambia watu, lilikuwa na masikio kwenye mguu wa kulia tu. Na kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi ya gia, macho yake yalikuwa huru kuona shimo mapema, akalikwepa, akaona jingine, akalikwepa, na mtu wa nyuma hakutikisika. Aliendesha kutoka Kinondo hadi Ukunda hivyo, akapita mbele ya pampu yake mwenyewe. Ile stuli ilikuwa tupu. Akahisi ile raha ya zamani ya Golini ikimpanda taratibu mgongoni. Ilikuja pamoja na uchungu mkali, hata akadhani ataomba kusimama.

Karibu na Tiwi Bi Shirinbai aliongea.

"Alfani, mwenzangu hakuwahi kukwambia. Kule Mombasa walimwonyesha magari mawili. Lile jingine lilikuwa na klachi, na lilikuwa zuri, na ni rahisi kulitengeneza. Mimi nililitaka lile, lilikuwa jekundu." Akacheka kidogo. "Yeye akasema, hili ni kwa mgongo wako na kwa mguu wa Alfani."

Alfani aliendelea kutazama barabara. Akasikia maneno ya Gulamali kama yalivyokuwa yamesemwa siku ile, mguu wa kulia peke yake unatosha, na mara hii akayasikia sawasawa. Mtu yule alikuwa ameinama dukani kwa watu akihesabu pedali kwa niaba yake. Alimletea gari zima, na yeye akamlipa kwa mzaha wa barazani.

"Mama," akasema, "siku ile ya Mkurumuji sikukutaka radhi."

"Ulitembea mpaka Gazi kwa mguu huo," akasema. "Tuliambiwa. Mimi nilikwisha kukusamehe siku nyingi."

"Na bwana je?"

Bi Shirinbai aligeukia dirishani. Akasema kwamba mumewe hakuwa mtu wa kushika kinyongo, lakini kila wakirudi kutoka Mombasa na kupita pampuni, alikuwa akigeuka kutazama nyuma. Alisema hivyo tu, na Alfani hakuthubutu kuuliza zaidi.

Likoni walikuta foleni. Feri ilipokuja alilishusha gari kwenye mteremko kwa breki ya mguu wa kulia, hatua kwa hatua, mabaharia wakimwashiria, naye hakuwahitaji. Ng'ambo walipanda mjini mpaka nyumba ya mwana wa Gulamali, ambako Iddi alikuwa akishusha makabati. Alfani alifungua leso, akashuka, akamfungulia Bi Shirinbai mlango. Akampa mkono wa kuaga kwa mikono miwili. Mwana akalizunguka gari akalitazama, akasema tayari kuna mtu wa kulinunua, anakuja kulichukua Ijumaa. Alfani akamkabidhi ufunguo.

Hakurudi na Iddi kwenye lori ingawa aliitwa. Alivuka feri akiwa amesimama pembeni, akapanda basi la kusini, akaketi karibu na dirisha. Dereva wa basi alikuwa mgeni wa barabara ile, na gia zilikuwa zikilia kila alipozibadilisha. Zamani Alfani angemkemea au angemwelekeza. Safari hii alifumba macho na kumwacha.

Chiku alikuwa uani akipepeta mchele alipoingia. Hakumwuliza jambo mpaka alipomletea maji ya kunawa na kigoda cha kuinulia mguu. Kisha akauliza safari ilikuwaje.

"Ilikuwa rahisi," akasema Alfani.

Chiku akangoja, akidhani kuna mengine. Hayakuja. Aliuchukua ungo wake, akaketi karibu naye zaidi kuliko alipokuwa ameketi mwanzo, akaendelea kupepeta.